Ndigana Kali na Nyuzi Zinazoitembeza Seli

Ololosokwan, huko Loliondo wilayani Ngorongoro, inapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kupe hawautambui mpaka huo: akishamnyonya nyati, kupe huanguka majanini akamsubiri ndama. Ugonjwa unaofuata Wamaasai huuita oltikana, na kwa Kiswahili ni ndigana kali. Mfugaji huupapasa kwa vidole. Tezi ya chini ya sikio huvimba kwanza, maana kupe wa kahawia hupenda masikio, kisha zinafuata za bega, homa inapanda, na mwishowe mapafu yanajaa maji.

Robert Koch alikiona kimelea cha ugonjwa huu jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1890, akakidhania kuwa umbo changa la kimelea kingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ng'ombe waliosafirishwa kutoka pwani yetu waliupeleka ugonjwa hadi Rhodesia, ukafyeka mifugo. Mwaka 1904 Charles Lounsbury akathibitisha kwamba kupe ndiye mchukuzi. Lakini kwa nini uvimbe unahama kutoka tezi hadi tezi? Kimelea hicho, Theileria parva, huingia ndani ya seli nyeupe ya damu, huifanya igawanyike bila kikomo, nacho hugawanyika pamoja nayo. Kinachosafiri mwilini, basi, ni seli ya ng'ombe mwenyewe.

Namna seli inavyotembea ilijulikana kwa kuchelewa, tena kupitia msuli wa sungura. Mwaka 1942, mjini Szeged, Hungaria, Brunó Straub alitenga protini aliyoiita aktini. Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa mali ya msuli tu, hadi Wajapani Hatano na Oosawa walipoipata mwaka 1966 katika kiumbe cha ute kisicho na msuli wowote. Hapo likaibuka fumbo, nami naliona tamu kuliko ugunduzi wenyewe: seli ina aktini nyingi mno, ilipaswa yote ijisokote kuwa nyuzi. Nani anaizuia? Profilini, iliyoelezwa na Waswidi mwaka 1977, huzishika chembe za aktini na kuzipeleka kwenye ncha inayokua. Protini nyingine huziba ncha, na kofilini hukata nyuzi kuukuu ili chembe zirudi kazini. Mwaka 1994 Laura Machesky na Thomas Pollard wakatenga kutoka kwa amiba mkusanyiko wa Arp2/3, unaochipusha tawi jipya ubavuni mwa uzi wa zamani. Matawi hayo ndiyo yanayosukuma utando wa seli mbele. Mwaka 1999 maabara ya Marie-France Carlier nchini Ufaransa iliviendesha vijidudu kwa protini chache tu zilizosafishwa.

Historia hizi mbili zilikutana karibuni. Mwaka 2014 watafiti wa Zürich walionyesha kwamba seli zilizotekwa na Theileria annulata, binamu wa kimelea chetu anayeishi Afrika Kaskazini na Asia, hupenya kwa sababu kimeng'enya MAP4K4 kimechochea aktini iliyo chini ya utando.

Chanjo ya ndigana, iliyobuniwa Muguga, Kenya, ina vimelea hai vya aina tatu, mojawapo asili yake ni nyati wa Serengeti. Ndama huchomwa chanjo hiyo pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini, ili augue kidogo tu. Kinga inayobaki ni seli zinazowinda seli zilizotekwa, nazo hutembea kwa aktini ileile.