Mifuko Miwili ya Bunge

Machi 4, 2013, mpiga kura wa Kenya alikabidhiwa karatasi sita. Miongoni mwa zilizokuwa ngeni ilikuwamo ya kumchagua mwakilishi wa wanawake wa kaunti, kiti kilichozaliwa na Katiba ya 2010. Wanawake 47 wakaingia Bunge la Taifa kwa mlango huo, wakala kiapo kile kile cha wabunge 290 wa maeneo bunge. Waliporudi nyumbani ndipo tofauti ilipojitokeza. Mbunge wa eneo bunge alikuwa na CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge. Mwakilishi wa kaunti alikuwa mikono mitupu.

Chukua Nairobi. Ina maeneo bunge 17, na kila moja lilikuwa na fungu lake na kamati yake. Rachel Shebesh, aliyechaguliwa na jiji zima, aliyawakilisha yote bila mfuko wa maendeleo hata mmoja. Wenye kejeli waliwafananisha yeye na wenzake na wale wasichana wadogo wanaotangulia bibi harusi wakibeba maua.

Mkasa huu una mizizi ya zamani kuliko Katiba hiyo. Tangu 1963, Jomo Kenyatta alipoifanya harambee kuwa wito wa taifa, mbunge alipimwa kwa kilichotoka mfukoni mwake siku ya mchango. Iwe ni shule, zahanati au kanisa, mgeni wa heshima alitaja kiasi chake mbele ya umati, na umati ukakumbuka hadi uchaguzi uliofuata. Mwanamke aliyeutamani ubunge alianza mbio akiwa nyuma, maana waliokuwa na pesa za kumwaga hadharani kwa kawaida walikuwa wanaume. Grace Onyango, aliyekuwa meya wa Kisumu tangu 1965, akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge mwaka 1969. Phoebe Asiyo alichaguliwa Karachuonyo baadaye. Walihesabika kwa vidole, na hata mwaka 2002 ni wanawake 9 tu waliochaguliwa katika viti 210.

Ajabu ni kwamba misuli ya harambee yenyewe ilikuwa ya akina mama. Katika miaka ya 1960, huko Kenya ya Kati, vikundi vyao vilichangishana kwa zamu ili kila mwanachama aondoe nyasi juu ya nyumba yake na kuezeka mabati. Vikaitwa vikundi vya mabati. Vikundi vya namna hiyo vilisomba mawe na kuteka maji ya kujengea shule, kisha siku ya ufunguzi mheshimiwa akakata utepe.

Mwaka 2003 mhandisi Muriuki Karue, mbunge wa Ol Kalou, alifanikiwa kupitisha sheria ya CDF iliyoihamisha harambee kutoka mfuko wa suruali hadi hazina ya serikali. Angalau asilimia 2.5 ya mapato ya kawaida ya serikali ilitengewa maeneo bunge: robo tatu ikigawanywa sawasawa, robo ikifuata kiwango cha umaskini. Mwaka wa kwanza kila eneo lilipata shilingi milioni 6. Miaka kumi na ushei baadaye fungu la eneo moja lilikuwa limevuka milioni 100. Vibao vya CDF vikaota kila mahali: madarasa, zahanati, visima, vituo vya polisi.

Wawakilishi wa wanawake walisubiri hadi 2015 kupata mfuko wao, ambao mwaka uliofuata uliitwa NGAAF. Kwa jumla ulikuwa takribani shilingi bilioni 2 za kugawiwa kaunti 47, kwa hiyo kaunti nzima iliambulia chini ya kile kilichopewa eneo bunge moja ndani yake. Walengwa wake walitajwa na kanuni: wanawake, vijana, watu wenye ulemavu, watoto walio hatarini, wazee. Pesa zikafuata njia ile ile ya vikundi vya mabati. Kikundi kilipewa mahema na viti vya kukodisha kwenye harusi na matanga, matangi ya maji, mtaji wa kukopeshana. Wasichana wakapewa basari na sodo. Mbunge wa eneo bunge naye alijenga ukuta wa darasa.

Mpita njia angeweza kusema kwamba mwanamume anajenga na mwanamke anagawa. Angekuwa amesoma kanuni za mfuko akidhani amesoma tabia za watu. Mwaka 2017 Mishi Mboko aliacha kiti cha kaunti ya Mombasa akachaguliwa mbunge wa Likoni, na Aisha Jumwa akatoka kaunti ya Kilifi kwenda Malindi. Wanawake walikuwa wale wale, ila sasa walishika NG-CDF, jina jipya la CDF, ambayo baada ya ugatuzi ilibanwa zaidi kwenye shule, basari na usalama. Viti na mahema havikuwa tena kwenye orodha.

Anayetaka kuona tofauti ya kweli itampasa kutafuta mahali ambapo mwanamke na mwanamume wameshika mfuko ule ule. India ilipata nafasi hiyo bila kukusudia. Marekebisho ya katiba ya 1993 yalitenga theluthi moja ya vyeo vya wenyeviti wa mabaraza ya vijiji kwa wanawake, na vijiji vikateuliwa bila upendeleo. Watafiti Raghabendra Chattopadhyay na Esther Duflo walichunguza Birbhum, West Bengal, na Udaipur, Rajasthan, wakachapisha matokeo 2004. Wenyeviti wanawake walitumia zaidi kwenye maji ya kunywa pande zote mbili. Kuhusu barabara waligawanyika: Birbhum walijenga zaidi, Udaipur kidogo, sawasawa na malalamiko ya wanawake wa kila upande. Hapo tofauti ipo, na inafuata ndoo ya maji.

Tanzania ilichora mstari mkali zaidi. Sheria ya Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ya 2009 ilimpa mbunge wa jimbo uenyekiti wa kamati ya mfuko. Mbunge wa viti maalum vya wanawake hana jimbo, basi hana mfuko.

Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Septemba 2024 kwamba sheria ya NG-CDF inakiuka Katiba, ikaipa muda hadi Juni 30, 2026. Wabunge wakajibu Julai 2025 kwa kupitisha mswada wa kuiingiza NG-CDF ndani ya Katiba yenyewe. NGAAF ilipandishwa gari lile lile, pamoja na mfuko wa maseneta wa kusimamia kaunti, kila mmoja kwa jina lake.