Sungura Wako Anapindua Maji Kila Siku? Mbinu za Kumaliza Hiyo Stori, Kutoka Ukunda Hadi Msambweni

Kama unafuga sungura huku Pwani, hii movie unaijua. Asubuhi umejaza bakuli fiti. Saa nne unacheki, bakuli liko juu chini, nyasi zimelowa, na sungura mwenyewe amekaa kwa kona anakuangalia ni kama hajui lolote.

Wazungu wana shida hiyo hiyo na feret, wale wanyama warefu warefu unaowaona TikTok. Feret akiona bakuli la maji anaanza kuchimba ndani kama anatafuta hazina. Ndugu yake wa mbali huku kwetu ni kicheche. Lakini usipate mawazo ya kwenda Shimba Hills kutega kicheche ama nguchiro umfuge keja. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka uwe na kibali, na bila hicho utajipata kortini. Baki na sungura.

Kwa nini hii si mchezo

Kwanza, joto. Kati ya Januari na Machi, Diani na Msambweni mchana hupita nyuzi 30. Sungura hatoi jasho kama wewe. Anapunguza joto kupitia masikio na kupumua haraka, basi. Sungura wa kilo 2 anakunywa kama mililita 100 hadi 300 kwa siku, na jike anayenyonyesha anaweza kumaliza lita nzima na zaidi. Sasa piga picha: bakuli limepinduka saa tatu, wewe uko job mpaka jioni. Hapo unaweza kurudi upate umempoteza.

Pili, unyevu. Nyasi zikilowa na kuchanganyika na mkojo, miguu inapata vidonda na koksidia, ule ugonjwa wa kuharisha unaomaliza watoto wa sungura, inasambaa vizuri sana.

Tatu, doh. Wasee wengi wananunua maji kwa mtungi wa lita 20. Akimwaga nusu lita mara mbili kwa siku, ni lita 1. Siku 20 zikiisha, mtungi mzima umekunywewa na sakafu. Ukiwa na vizimba vitano, zidisha mwenyewe.

Anamwaga kwa nini?

Si ujeuri, na hakuchukii. Sababu ziko nne kubwa:

- Bakuli ni jepesi. Kopo la majarini ama la aiskrimu lina mdomo mwembamba. Anaushika na meno, anarusha.
- Liko njiani. Kizimba kidogo, bakuli katikati, akigeuka tu ashaligonga.
- Ana boo. Hana cha kutafuna, hana cha kufanya, bakuli ndio toy.
- Anasikia joto. Wengine wanaweka miguu ya mbele ndani ya maji wapoe.

Kumchapa hakusaidii, hataelewa unamchapia nini, atakuogopa tu. Na kosa kubwa zaidi ni kumtolea maji "ajifunze". Sungura asiye na maji anaacha kula, na tumbo la sungura likisimama, hali inakuwa mbaya haraka. Usimbadilishe yeye. Badilisha bakuli.

Mbinu zinazoshika

1. Uzito. Chungu kifupi cha udongo, kipana chini na chembamba juu, ni poa kabisa, na maji yanakaa baridi. Kikiwa na maji kifike kilo 1 na zaidi, na mdomo uwe mnene asiweze kuuma.

2. Jitengenezee la simenti. Changanya simenti kipimo 1 na mchanga vipimo 3. Tumia mchanga wa mto, wa bichi una chumvi. Mimina kwa beseni dogo, kisha bonyeza bakuli la plastiki lililopakwa mafuta katikati. Baada ya siku 2 toa plastiki, endelea kulowesha wiki moja ligande. Halafu usilitumie hapo hapo: simenti mpya ina ukali wa chokaa. Loweka siku kadhaa ukimwaga na kubadilisha maji, sugua, ndio umpe.

3. Funga. Bakuli la chuma lenye tundu mbili, waya wa kufungia, limalizike kwa ukuta wa kizimba. Ncha za waya zikae nje, zisimchome. Ama kata ubao tundu la duara, bakuli lidumbukie humo, upigilie ubao kwenye kona.

4. Kona. Hii ni bure. Bakuli likikaa kwenye kona, pande mbili zimezibwa, hana upenyo mzuri wa kulipindua. Liinue kwa tofali moja ndio nyasi na kinyesi visiingie. Mdomo wa bakuli ukiwa usawa wa kifua chake, hawezi kuingiza miguu kirahisi.

5. Chupa ya kuning'inia. Ile yenye kipaipu cha chuma na kigololi kwa mdomo, utaipata agroveti. Haimwagiki, lakini huku kwetu ina noma moja: maji ya visima vya miamba ya matumbawe yana chokaa nyingi, na kigololi kinaganda polepole. Chupa inaonekana imejaa kumbe mnyama ana kiu siku mbili. Bonyeza kigololi kila asubuhi uone tone likitoka, na loweka kipaipu kwa siki kila wiki kisha usuuze. Sungura wengi wakipewa chaguo wanapendelea bakuli, kwa hivyo ukiweza weka zote mbili.

6. Mpe shughuli. Nyasi kavu muda wote, kijiti cha kutafuna, boksi la katoni la kujificha. Sungura aliye bize anasahau bakuli.

Maji yenyewe

Visima vilivyo karibu na bichi vinaweza kuingia chumvi. Onja kidogo. Kama wewe unayatema, usimpe. Na badilisha kila siku hata kama hayajaisha. Mbu wa Aedes, wa dengi na chikungunya, wanazaliana kwenye vyombo vidogo vidogo vya nyumbani, na kwa joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya kama wiki moja. Mombasa ilipigwa na chikungunya kuanzia mwisho wa 2017, so hiyo si stori ya mbali. Sugua kuta za bakuli pia, mayai yanashika pale.

Una kuku ama mbwa?

Mbwa: weka karai ndani ya tairi kuukuu, halipinduki. Toboa tairi chini, la sivyo litashika maji ya mvua na utakuwa umefungua hosteli ya mbu. Vifaranga: chupa iliyopinduliwa juu ya sahani, na vijiwe safi ndani ya sahani wasizame.

Na kama uko Diani na bakuli liko nje, mshukiwa anaweza kuwa tumbili ama nyani. Sogeza bakuli ndani ya kizimba ama uweke paa la waya. Usiwarushie mawe, usiwape chakula. Colobus Conservation wako hapo Diani tangu 1997, na wao ndio wanajua mambo ya hawa jamaa.

Ukipata amezidiwa na joto

Dalili: anahema mdomo wazi, masikio ya moto, mate yanatoka, amelala flati haamki. Mpeleke kivulini, lowesha masikio kwa maji ya baridi kiasi. Yasiwe ya barafu, na usimzamishe kwa ndoo. Mwekee maji karibu lakini usimlazimishe kunywa. Kisha pigia daktari wa mifugo hapo hapo, usingoje jioni.

Siku za jua kali, gandisha chupa ya maji, ifunge kwa kitambaa, uiweke kizimbani alale pembeni yake. Halafu kabla hujatoka kwenda job cheki vitu vitatu: bakuli ni zito, liko kwa kona, na kuna chombo cha pili. Kimoja kikianguka, kingine kiko.