Pugu na Waraka wa Mwaka 1953

Waraka wa Serikali ya Tanganyika wa Agosti 1953 uliwakataza watumishi wake kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na T.A.A. ilikuwa miongoni mwavyo. Katika nchi ambayo Waafrika wengi wenye elimu walikuwa makarani, matabibu na walimu wa Serikali, katazo hilo lilikuwa sawa na kukikata chama kichwa. (Neno siasa lenyewe, katika Kiswahili cha zamani, lilikuwa na maana ya upole na uangalifu: mtu aliambiwa afanye jambo kwa siasa.)

Katika vilima vya Pugu, njia ya kwendea Kisarawe, Julius Nyerere, aliyechaguliwa Rais wa T.A.A. Aprili 1953, alikuwa akifundisha shule ya St Francis. Shule hiyo ilikuwa ya misioni, kwa hiyo waraka haukumfunga kama ulivyomfunga karani wa bomani. Kwa maoni yetu, tofauti hiyo ya mwajiri si jambo dogo katika kuzaliwa kwa TANU tarehe 7 Julai 1954. Hata hivyo, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, New York, Machi 1955, ilimbidi kuchagua. Akaacha ualimu pamoja na mshahara wake.

Baada ya Uhuru amri iligeuzwa. Mwaka 1964 watumishi waliruhusiwa kuingia TANU, na Azimio la Arusha la 1967 likawatia wenye vyeo vya kati na vya juu katika masharti ya uongozi: wasiwe na hisa katika makampuni, nyumba za kupangisha, wala mishahara miwili.