Manowari

Ukisimama Kibarani, pale barabara ya Makupa inapoiacha bara na kuingia kisiwani Mombasa, maji yako kushoto na kulia. Upande mmoja ni mkono wa bahari wa Tudor. Upande wa pili ni maji ya Kilindini na Port Reitz. Jina hilo la Reitz tunalitaja kila siku kwenye matatu, lakini wengi hatujui lilikuja na nini. Lilikuja na manowari.

Februari 1824 Wamazrui wa Mombasa walikuwa wamebanwa na Sayyid Said wa Oman. Kapteni William Owen akatia nanga na meli ya kivita ya Uingereza, Leven, akawakubalia ombi lao la ulinzi. Alimwacha Luteni Reitz kusimamia mji. Reitz akafa kwa homa mwaka huohuo. London haikuutaka mpango wa Owen, na 1826 ukavunjwa. Yaliyobaki ni majina: Port Reitz, na kule Mji wa Kale, nyumba ya Leven na ngazi zake zinazoteremka majini.

Sasa hebu tulitazame neno lenyewe. Kwenye vitabu vya Waingereza meli ya namna hiyo iliandikwa "man-of-war". Ukilitamka hilo kama mwalimu wa darasani, katikati utasikia sauti ya v. Kwetu hiyo v haipo. Tunasema manowari, kwa sababu baharia wa kawaida hakusema hivyo. Alisema "man-o'-war", neno limekatwa katikati, matamshi ya sitahani. Yaani Kiswahili hakikulichukua neno hili kitabuni. Kililichukua mdomoni mwa watu wa kuvuta kamba.

Na tulipolichukua, tulilichukua zima. Mwingereza akihesabu mbili hulazimika kubadilisha mwanzo, aseme "men". Sisi ni manowari moja, manowari kumi, basi. Huyo mtu aliyefichwa ndani ya neno hatukumwona. Tuliona chombo na mizinga yake.

Lakini mizinga ilimlenga nani? Hapo ndipo maana inapogawanyika. Januari 1875 manowari mbili za Kiingereza, Nassau na Rifleman, ziliipiga Ngome ya Yesu kumtoa akida aliyemwasi Sultani wa Zanzibar. Kwa mtu wa Mji wa Kale, manowari ilikuwa moshi na mawe yanayoporomoka. Mwaka huohuo, ng'ambo ya maji, watumwa waliokamatwa kwenye majahazi na manowari za Kiingereza walianza kuteremshwa Frere Town wakiwa huru. Kwao neno lilelile lilikuwa na sura nyingine kabisa. Halafu Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896, manowari zililipiga jumba la Sultani na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Kamusi inasema "meli ya kivita", na iko sawa, ila kamusi haikuulizi ulikuwa umesimama upande gani wa maji.

Leo Waingereza wenyewe wamelitupa neno hilo. Wana neno jingine la meli ya kivita, na "man-o'-war" limebaki zaidi kuwa jina la mnyama wa baharini mwenye sumu, anayefanana na konyeza. Kwetu bado liko kazini, kwenye taarifa ya habari na kwenye mazungumzo ya baraza. Wengine hata husema "manowari ya kivita", vita juu ya vita.

Tumefundishwa kwamba lugha hutunzwa na wasomi, na kwamba matamshi ya mtaani ni uharibifu. Mimi chuo niliacha, kwa hiyo labda napendelea upande mmoja. Lakini neno hili ni ushahidi: tamko la mabaharia, ambalo lingesahihishwa kwa kalamu nyekundu, ndilo lililovuka bahari, likapata ngeli yake, likakaa. Lile la kitabuni halikufika hata Makupa.