Unga Uliokuwa Unatembea

Masika haya dada mmoja wa kikundi chetu cha vijana alinivuta mkono hadi kibandani kwake, akafungua gunia la unga. Juu palikuwa na vumbi la rangi ya udongo. Tukainama. Lile vumbi lilikuwa linatembea! Majirani walishahukumu: huyu mchafu. Wengine wakasema karogwa.

Si uchafu wala si uchawi. Ni utitiri wa unga, mdogo kama nusu milimita, wenye miguu minane, ndugu wa kupe na buibui. Maji yake huyavuta kutoka kwenye hewa yenye unyevu, pakikauka, unakufa. Haukuanzia kambini. Linnaeus wa Sweden aliuandika mwaka 1758, akauita Acarus siro. Mwaka 1964 watafiti wa Leiden, Uholanzi, walionyesha kwamba utitiri wa vumbi la nyumbani unahusika na pumu, na nyumba zenye unyevu zilikuwa nao zaidi.

Sasa mimi najiuliza, mbona kule kwetu Afungi sikumsikia bibi akiulalamikia? Mahindi yake alikuwa anayaweka na maganda yake juu ya uchaga, jikoni, na chini moto unawaka kila siku. Moshi na joto vikayakausha. Unga alitwanga wa siku hiyo tu, haukulala.

Mwaka 2019 familia za kwanza za Quitupo zilihamishiwa Quitunda kupisha mradi wa gesi. Tarehe 24 Machi 2021 Palma ikashambuliwa, maelfu wakakimbilia Quitunda na lango la Afungi, kisha wakatawanyika. Tulibeba watoto na sufuria. Uchaga haubebwi kichwani. Tulipofika huku tukapewa unga uliokwisha kusagwa, tukauweka kwenye udongo, chini ya turubai linalotoa jasho usiku kucha.

Kwa hiyo ndugu zetu wa mashirika, kabla ya kutufundisha usafi, tuleteeni mbao za kuinulia magunia. Ikiwezekana tupeni nafaka, tusage wenyewe kidogo kidogo.

Mtoto wa yule dada ana pumu, na unga wenye utitiri unaweza kumdhuru mtu wa aina hiyo hata ukipikwa. Tukaumwaga wote. Siku nne dada alikula kwa jirani, yuleyule aliyemwita mchafu. Siku ya tano jirani akaniita nikamtazamie na gunia lake.