Uhusiano wa Japani na Kilimanjaro

Uhusiano wa Japani na Kilimanjaro ni mahusiano ya biashara, kilimo na mafunzo kati ya Wajapani na wakazi wa mkoa wa Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Nguzo zake ni mazao mawili: kahawa ya mlimani na mpunga wa tambarare iliyo kusini mwa mji wa Moshi.

Chimbuko

Kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Wajapani walijulikana Tanganyika kupitia vitambaa vyao vya pamba vya bei nafuu, kanga zikiwemo. Mikataba ya Bonde la Kongo ilizuia serikali ya Waingereza kuvitoza vitambaa hivyo ushuru wa kibaguzi, hivyo vikashindana vikali na nguo za Uingereza. Vita ilikatiza biashara hiyo.

Kahawa

Huko Kirua Vunjo, kama kwingineko Uchagani, yaani eneo la Wachagga mlimani, kahawa ya arabika hupandwa kihambani (kwenye shamba la nyumbani) chini ya migomba, na kwa miaka mingi imeuzwa kupitia vyama vya msingi na KNCU, ushirika ulioandikishwa mwaka 1933. Japani ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania. Kanuni za soko lake huruhusu arabika ya nchi hii, isipokuwa ya Bukoba, kuitwa Kilimanjaro; kwa hiyo hata kahawa ya Mbeya au Mbinga hunywewa Tokyo kwa jina la mlima huo.

Mpunga

Katika miaka ya 1970, shirika la Japani la JICA lilisaidia kuandaa mpango wa maendeleo wa mkoa. Tunda lake kubwa ni skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa mkopo wa Japani na kukamilika mwaka 1987. Ilikusudiwa kumwagilia takriban hekta 1,100 za mpunga kwa maji ya mito Rau na Njoro, katika vijiji kama Mabogini, Chekereni na Oria. Majaruba yaliyosawazishwa, mbegu bora, mbolea na upandikizaji wa mistari vilipandisha mavuno hadi tani 6 hivi kwa hekta.

Mafanikio hayo yalizaa mgogoro. Wakulima walio juu ya skimu, kama wa Mandaka Mnono, nao waligeukia mpunga, na maji yanayofika majaruba ya chini yakapungua. Wahandisi walipanga mifereji yao bila kuhesabu kwamba jirani angeiga.

Kituo cha mafunzo ya kilimo cha KATC, kilichoanzishwa Chekereni mwaka 1994 kwa msaada wa Japani, kimefundisha kilimo cha mpunga kwa wakulima na maofisa ugani kutoka mikoa mbalimbali ya Tanzania.