Kutembea usiku pamoja na wafu wetu

Kila kabila liko na namna yake ya kukumbuka wafu. Huko Ulaya, miji ya zamani kama York na Edinburgh imefanya jambo hilo kuwa biashara. Jioni watalii wanalipa pesa, halafu mtu mmoja anawatembeza katika vichochoro vya kartiye za zamani na kuwaelezea mizimu ya kila nyumba: nani aliuawa pale, nani alikufa na tauni. Wanaogopa kidogo, wanacheka, wanarudi hoteli kulala.

Wanafunzi wangu waliposikia hayo waliniuliza: «Mwalimu, na sisi huku Butembo tuko na mizimu gani ya kuonyesha?» Walicheka, lakini swali lao ni la historia, na linastahili jibu.

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Kinande tunasema avalimu. Chini ya Nyamuhanga, Muumba, wazee walitaja Kalisya, mlinzi wa wanyama, na Kitasamba, wa theluji ya Ruwenzori. Waliwajengea vibanda vidogo na kuwapelekea chakula. Wafu wa jamaa nao walikuwa na sehemu yao. Mfu aliyeliliwa vizuri hakuogopwa sana. Aliyetisha ni yule aliyekufa mbali, asiyetajwa na mtu.

Njo maana tuko na matanga. Usiku jamaa na majirani wanazunguka moto, wanaimba, wanaeleza maisha ya marehemu tangu utoto wake. Hayo njo matembezi yetu ya usiku. Tunakaa pale pale karibu na moto, lakini kwa maneno tunapita kila mahali marehemu alipopita.

Kama tungetembea Butembo, ningesimamisha wanafunzi kwanza pale MGL. Minière des Grands Lacs ilikuwa sosiete ya Wabelgiji, iliyochimba dhahabu katika eneo hili tangu wakati wa ukoloni. Sosiete imekwisha, jina limebaki kwa kartiye. Kila siku vijana wanapanda motari na kusema «unifikishe MGL», bila kujua zile herufi tatu ni za nini. Na ni nani kati yetu anaweza kutaja jina la mchimbaji hata mmoja wa wakati ule?

Upande wa Beni, usiku wenyewe umebadilika. Tangu Oktoba 2014 mauaji yamerudia mara nyingi. Tarehe 13 Agosti 2016 wauaji waliingia Rwangoma, ndani ya mji, na makumi ya watu walikufa. Katika hali kama hiyo watu wanazika haraka na kukimbia. Nani atabaki kuwasha moto wa matanga?

Kisha ikaja Ebola, iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu zaidi ya 2.200 walikufa. Jamaa walikatazwa kuosha maiti wao. Timu zenye mavazi ya kujikinga zilikuja kuzika. Madaktari walikuwa na haki, sababu maiti ya Ebola inaambukiza. Lakini mahali pengine timu zilitupiwa mawe, na wageni wakasema ni ujinga. Mimi naona kulikuwa pia jambo lingine: watu waliogopa kumwacha mzazi au mtoto wao aende kama mtu asiye na jamaa. Pale jamaa waliporuhusiwa kuona uso wa marehemu na kusali, hasira ilipungua.

Kwa hiyo nawajibu wanafunzi wangu hivi. Mizimu tuko nayo, tena mingi, lakini si ya kuuza tiketi. Wengine jamaa zao bado wanawalilia. Tufanye matembezi mengine: mchana, juu ya usalama, darasa moja pamoja na mzee wa kartiye. Kila mahali tuulize: nani alikaa hapa, alifanya kazi gani, alikufa namna gani? Majibu yaandikwe katika kaye, na jioni yasomwe nyumbani mbele ya wazazi.

Wazee wanatuacha kila mwaka. Tusipouliza sasa, watoto wetu watapita juu ya makaburi wakifikiri ni njia tu.